Glavu Zilizokuwa Bado na Joto

Jioni ya Alhamisi, tarehe 7 Januari 2010, tulikuwa watu tisa kwenye sebule ya watu wanne, mtaa wa Riverside, Austin. Sufuria ya pilau ilikuwa imefunikwa jikoni. Mmombasa mmoja niliyekuwa nikiishi naye ameng'ang'ania rimoti kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya, na kijana wa Lubbock, mwenyeji peke yake kati yetu, kavaa jezi ya rangi ya chungwa ambayo hakuwa ameifua tangu Septemba, kwa sababu timu ilikuwa haijafungwa na yeye hakutaka lawama. Nyumbani Tanga ilikuwa inakaribia alfajiri ya Ijumaa. Sisi tulikuwa tunasubiri fainali ya vyuo ya mpira wa miguu wa Kimarekani.

Chuo Kikuu cha Texas, cha hapo hapo Austin, na Chuo Kikuu cha Alabama, uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, California. Kila timu ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote. Waliolipa viingilio walikuwa 94,906, na hii ni michezo ya wanafunzi wa chuo, naomba uliweke hilo akilini. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu Marekani na nilikuwa nimeshachoka kuuliza kwa nini mchezo wa kushikwa kwa mikono unaitwa mpira wa miguu.

Alabama walianza kwa ujanja uliowatokea puani: walijifanya wanaubutua mpira mbele, kumbe wanarusha pasi, na mlinzi wa Texas akaidaka. Sebule ikalipuka. Texas wakaupata mpira wakiwa tayari nusu ya Alabama. Wakausogeza, wakausogeza tena. Kwenye jaribio lao la tano la mchezo ule, yaani mara ya tano mpira kuanzishwa upande wao, kwotabeki wao, kiongozi wa mashambulizi na mrusha pasi, Colt McCoy, akabaki na mpira mwenyewe, akachepuka kushoto, na Marcell Dareus, pande la mtu kutoka mstari wa mbele wa Alabama, akamgonga.

Haikuwa rafu. Haikuwa hata pigo la kukufanya ushike mdomo. Jioni ile nzima kulikuwa na mapigo mabaya zaidi ya lile. McCoy aliinuka. Alitembea mwenyewe hadi pembeni, ila mkono wa kulia, ule wa kurushia, ulikuwa unaning'inia kama kanzu kwenye msumari. Kijana wa Lubbock hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, akavua kofia.

"Atarudi," Mmombasa akasema. "Bega tu hilo."

Hakurudi. Neva ilikuwa imebanwa begani. Baadaye alieleza kwamba tatizo halikuwa maumivu, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Katika chumba cha kubadilishia nguo alijaribu kumrushia mpira baba yake, Brad, ambaye ndiye aliyemfundisha mchezo tangu sekondari katika mji mdogo wa Tuscola. Hatua chache tu kati yao, na mpira haukwenda alikotaka. Huyu alikuwa mtu aliyeshinda mechi 45 akiwa kwotabeki wa kwanza, rekodi ya vyuo vyote vya Marekani kwa wakati huo.

Aliyeingia alikuwa kijana wa miaka 18, mwaka wa kwanza chuoni, Garrett Gilbert.

Sasa ngoja nitoke Pasadena kidogo, kwa sababu wakati wenzangu wote wanamtazama McCoy, mimi nilikuwa namtazama yule dogo anafunga mkanda wa helmeti. Nilimjua. Sikumjua yeye, niliijua hali yake.

Nilikuwa kipa wa akiba wa shule kwa miaka miwili. Kipa wa akiba ni cheo cha ajabu: unafanya mazoezi yote, unapakwa vumbi lote, na siku ya mechi unabeba chupa za maji. Siku moja, dakika ya nane au tisa hivi, kipa wetu alitua vibaya akatengua kidole. Kocha akanitazama. Shule ilikuwa na jozi moja tu ya glavu, kwa hiyo nikasimama pale golini nikisubiri mwenzangu avuliwe zake huku analia. Nilipozivaa zilikuwa bado na joto. Zilikuwa zimelowa jasho la mtu mwingine, na zilinizidi, ncha za vidole zikawa zinacheza. Kona ya kwanza iliyopigwa nilimwita beki wetu kwa sauti yangu na hakugeuka, maana masikio yake yalizoea sauti nyingine. Tulifungwa nne. Watu walisema nimefungisha. Labda. Lakini bao la pili lile, mimi na beki tuliuachia mpira kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, na jambo hilo halikuanzia siku ile. Lilianzia kwenye mazoezi yote ambayo hatukuwahi kucheza pamoja.

Basi hicho ndicho kinachotokea kwotabeki akiumia, ila mara kumi.

Mtu asiyeujua mchezo huu anafikiri kwotabeki ni kama mshambuliaji nyota: akitoka, unapoteza magoli yake, basi. Sivyo. Kila jaribio la timu linaanzia mikononi mwake. Senta anainama, anaupitisha mpira kati ya miguu yake, na kabla hajafanya hivyo kuna sauti. Kwotabeki anaita, kwa mdundo wake, na wale mabonge watano wa mstari wa mbele wanaondoka kwa mdundo huo. Ukianza mapema kidogo, adhabu. Ukichelewa kidogo, mtu wa kilo 140 ameshakupita. Wamefanya mazoezi na mdundo wa mtu mmoja tangu Agosti, na ghafla wanaitwa na koo jingine.

Halafu pasi. Pasi nzuri haimfuati mpokeaji, inamtangulia. Inaachiwa kabla hajageuka, kwa imani tu kwamba akigeuka atakuwa pale. Mpokeaji mkuu wa Texas alikuwa Jordan Shipley, na Shipley na McCoy walikuwa wakiishi chumba kimoja. Watu wanaopika pamoja na kuosha vyombo pamoja. Wao walikuwa wanajuana kwa namna ya kukohoa. Gilbert alikuwa dogo wa mwaka wa kwanza ambaye wiki nzima ya mazoezi anaachiwa mabaki, kwa sababu muda wa mazoezi ni mchache na kocha yeyote mwenye akili anampa mtu atakayecheza. Hapo ndipo penye mtego. Kila jaribio unalompa wa pili ni jaribio unalomnyima wa kwanza, na wa kwanza ndiye anayekulipia mshahara.

Na ujumbe. Leo kwotabeki wa chuo anaweza kuwa na kipaza sauti ndani ya helmeti, kocha anamnong'oneza. Sheria hiyo imeruhusiwa 2024 tu kwa vyuo vikubwa. Mwaka 2010 maelekezo yalikuja kwa ishara za mikono kutoka pembeni. McCoy alikuwa anatazama mara moja, anageuka, anaona walinzi wamekaa vibaya, anabadilisha mwenyewe papo hapo. Gilbert kamera ilikuwa ikimwonyesha anatazama pembeni, anatazama mbele, anatazama pembeni tena. Kila mara akigeuza shingo sekunde zinakwenda, na walinzi wa Alabama wanapumua.

Kwa hiyo kocha Mack Brown na wasaidizi wake walifanya ambalo kila kocha angelifanya. Walilifunga daftari la mbinu. Mbinu mia za McCoy zikawa ishirini za dogo. Na upande wa pili, kocha wa Alabama, Nick Saban, hakuhitaji mtu wa kumwambia. Walinzi ambao wangekaa nyuma kuogopa pasi ndefu wakasogezwa mbele kukaba wakimbiaji. Maana yake hata wachezaji wa Texas ambao hawajaumia, wale wa kukimbia na mpira, wakawa wanakimbilia ukuta mnene zaidi. Bega la mtu mmoja, wengine kumi wakaanza kuchechemea.

Texas walikuwa wameshafunga pointi 3, wakaongeza 3 nyingine baada ya mpira mfupi wa kuanzia uliowachanganya Alabama. Sita bila. Ukitazama ubao ungesema mambo shwari. Alabama wakajibu 24 mfululizo.

Zile saba za mwisho kati ya hizo 24 ndizo ninazoziota hadi leo. Zimebaki sekunde chache kwenda mapumziko. Texas wako nyuma 17 kwa 6, wako mbali, na jambo la busara lilikuwa kupiga goti na mpira ili saa iishe, kwenda ndani, kunywa maji, kukaa na dogo na kumfundisha. Badala yake wakaita kapasi kafupi, ka kumkabidhi mtu tu kwa mbele, kitu rahisi kuliko vyote daftarini. Mpira ukamgonga mpokeaji, ukaruka, ukatua mikononi mwa nani? Dareus. Yule yule. Jitu lile likakimbia yadi 28, likiyumba kama lori la mchanga, likawapita watu, likaingia. 24 kwa 6.

Mmombasa akazima sauti ya televisheni. Tukala pilau kimya kimya. Kuna aliyesema imezidi chumvi, hakujibiwa.

Nimefikiria kapasi kale miaka mingi. Mimi simlaumu dogo hata kidogo, na hata waliokaita siwalaumu sana. Nadhani walitaka kumpa kitu chepesi akifanye vizuri, aende mapumziko kifua mbele. Ni kama kumwambia kipa mpya achukue mpira wa kurudishiwa na beki, apate kuugusa kwanza. Ila mtu ambaye mikono yake bado inatetemeka hakuna kitu chepesi kwake.

Kilichonifanya niandike makala haya, lakini, ni kipindi cha pili, ambacho watu wamekisahau. Gilbert alianza kuizoea sauti yake. Robo ya tatu akamwona Shipley, yadi 44, ndani. Robo ya nne akamwona tena, yadi 28, ndani, na pasi ya nyongeza ya pointi mbili ikadakwa. 24 kwa 21, dakika sita na ushei zimebaki. Kijana wa Lubbock alikuwa amesimama juu ya kochi letu kwa viatu. Alabama, nao, walikuwa wameingiwa na usingizi unaozipata timu zinazocheza na mtu aliyeumia: walikuwa wakikimbia tu na mpira na kusubiri saa iishe. Kwotabeki wao, Greg McElroy, alipata yadi 58 tu za pasi jioni nzima. Baadaye ikajulikana kwamba na yeye alikuwa na mbavu zenye ufa. Hilo la McElroy huwa linanikumbusha kuwa mara nyingi tunahesabu majeruhi mmoja kwa sababu wa pili hakusema.

Texas wakaupata mpira tena, dakika tatu na kitu zimebaki, wakiwa yadi 7 tu kutoka mstari wao wenyewe wa nyuma. Pointi tatu tu za kusawazisha. Dogo akarudi nyuma kurusha, akitazama kulia. Kwa mtu wa mkono wa kulia, upande wa kushoto ni mgongo, na kazi ya kuulinda mgongo huo ni ya watu wengine. Eryk Anders akatokea huko. Hakupunguza mwendo. Mpira ukamponyoka Gilbert, Alabama wakaulalia hatua chache kutoka mstari wa kufungia, na Mark Ingram, aliyekuwa ametoka kuchukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwezi uliotangulia, akamalizia. Wakaongeza na nyingine. 37 kwa 21.

Takwimu za Gilbert ziko wazi kwa yeyote anayetaka kumcheka: pasi 40, zilizofika 15, yadi 186, mbili za kufunga, nne zimenaswa na adui. Nilizisoma kesho yake kwenye gazeti la chuo na nilisikia vidole vyangu vinacheza ndani ya glavu.

Miaka michache baadaye nilifanya kazi na mzee mmoja wa Birmingham, Alabama, mtu mwema, aliyeniita "mwanangu" kwa Kiingereza cha Kusini na kunigawia karanga za kuchemsha. Tulibishana jambo moja tu kwa miaka miwili. Yeye alisema hata McCoy angebaki, Alabama wangeshinda, maana ulinzi ule ulikuwa ukuta. Mimi nilimwambia ukuta tuliuona ukipitwa mara mbili na mtoto wa miaka 18. Akasema, "Na ukuta ukamwangukia." Hapo huwa sina jibu. Anachokikosea, kwa maoni yangu, ni kudhani swali ni nani bora. Timu mbili zilizoingia uwanjani saa moja na ushei jioni zile, moja ilikuwa haipo tena kabla watu hawajamaliza bisi zao. Ilikuja nyingine, jezi zile zile.

Wapo watakaoniambia: mbona chuo cha Ohio State waliweza? Kweli, na mfano huo naupenda kwa sababu unaonyesha saa ina uzito kuliko jeraha. Mwaka 2014 kwotabeki wao wa kwanza, Braxton Miller, aliumia bega Agosti, kabla msimu haujaanza. Akaingia J.T. Barrett, akacheza vizuri mno, akavunjika kifundo cha mguu katika mechi na Michigan mwishoni mwa Novemba. Akabaki wa tatu, Cardale Jones, aliyekuwa anajulikana zaidi kwa kuandika mtandaoni, mwaka wa kwanza chuoni, kwamba yeye alikuja kucheza mpira, hakuja kucheza shule. Jones akaanza mechi ya kwanza maishani mwake kwenye fainali ya ligi na kuwachapa Wisconsin 59 bila. Akawatoa Alabama, hao hao wa Saban, 42 kwa 35. Akawafunga Oregon 42 kwa 20, na ubingwa wa nchi ukaenda Columbus, kwao Ohio State.

Mechi tatu, ubingwa. Lakini tazama kalenda. Barrett aliumia Jumamosi, Jones alicheza Jumamosi iliyofuata. Wiki nzima ya mazoezi ilikuwa yake: mipira yote, wapokeaji wote, sauti yake masikioni mwa mabonge. Wapinzani nao walikuwa wamejiandaa na mtu mwingine, hawana hata picha za kutosha za kumsoma. Na daftari halikupunguzwa, liliandikwa upya: Jones alikuwa na mkono wa kurusha mbali kuliko wenzake, basi wakarusha mbali. Gilbert alipewa muda wa kufunga mkanda.

Tallahassee ni habari nyingine, nitaipita haraka kwa sababu bado inawauma watu. Novemba 2023 Jordan Travis, kwotabeki wa Florida State, chuo cha huko, alivunjika mguu. Timu yake iliendelea kushinda bila yeye, ikamaliza 13 bila kufungwa, na kamati ya watu 13 ikaiacha nje ya timu nne za kugombea ubingwa, kwa hoja kwamba bila Travis si timu ile ile. Travis mwenyewe akaandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, watu wapate kuona timu haikuwa yeye peke yake. Waliopata nafasi siku ile ni pamoja na Texas na Alabama. Sikufurahi kama ilivyonipasa.

Halafu kuna hili la siku hizi. Tangu 2018 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kucheza hadi mechi nne bila mwaka huo kuhesabiwa katika miaka yake ya kucheza, kwa hiyo kocha hana sababu ya kumwacha dogo akauke benchi. Vizuri. Lakini tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu. Kwotabeki wa pili mwenye kipaji hasubiri tena mtu aumie, anafungasha. Miller, Barrett na Jones kwenye benchi moja, leo, nani angekaa? Kwa hiyo wanaobaki wamezoeshwa zaidi, na ni wachache zaidi.

McCoy mwenyewe aliwahi kusubiri. Januari 2006, Texas walipochukua ubingwa katika uwanja ule ule wa Pasadena, alikuwa mwaka wa kwanza, pembeni, akimtazama kwotabeki Vince Young akishinda 41 kwa 38. Na baba yake Gilbert, Gale, alikuwa kwotabeki wa akiba kwenye timu zilizofika Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, miaka mitano mfululizo, tangu 1991 hadi 1995, na zote zikafungwa. Ukiniuliza nani alimfundisha yule dogo kukaa benchi, jibu lilikuwa nyumbani kwao.

Maisha yake ya Austin hayakunyooka. Msimu uliofuata timu ilikuwa yake, ikashinda 5 na kufungwa 7. Mwaka 2011 aliwekwa benchi, na mmoja wa walioingia badala yake alikuwa Case McCoy, mdogo wake Colt. Akahamia chuo kingine, Dallas. Nikampoteza.

Novemba 2020, Jumapili, wakati wa korona, simu yangu ikalia. Mmombasa, sasa yuko Minneapolis na watoto watatu, na hatukuwa tumezungumza miezi. Ameandika: "Washa tivii. Dogo wako." Dallas Cowboys, timu ya kulipwa, walikuwa wamepoteza kwotabeki baada ya kwotabeki: wa kwanza kifundo cha mguu, wa pili kichwa na kisha korona. Wakamtoa Gilbert kusikojulikana, miaka 29, mechi yake ya kwanza kuanza katika ligi ile, dhidi ya Pittsburgh waliokuwa hawajafungwa hata mara moja. Viti vingi vya uwanja vilikuwa vitupu. Alirusha yadi 243. Waliongoza sehemu kubwa ya mchezo. Mwisho wakawa nyuma 24 kwa 19 na sekunde za jaribio la mwisho, mpira mikononi mwake, na nilikuwa nimesimama juu ya kochi kwa viatu.

Pasi haikufika. Alivua helmeti, akawapa mkono wachezaji wa Pittsburgh mmoja mmoja. Nikamwandikia Mmombasa: "Safari hii alijiandaa wiki nzima."